Mteja wa Kwanza

Siku aliyofungua duka lake la sufuria, Hemedi alikaa hadi adhuhuri bila mteja. Katika nchi alikojifunza biashara, dawa ya hali hiyo ilijulikana. Akachukua ubao, akaandika kwa chaki: BEI ZETU ZIKO CHINI KULIKO ZA JIRANI. Jirani ni Bi Mwanaisha, muuza sufuria wa ng'ambo ya barabara.

Kabla hajautoa nje, mwanamke mmoja akaingia.

"Nimeelekezwa na Bi Mwanaisha. Nataka sufuria ya pilau."

"Kwani kwake zimekwisha?"

"Zimejaa hadi mlangoni. Kasema yeye keshauza leo, wewe bado. Nije kwako."

Hemedi akamuuzia. Mwanamke alipoondoka, akatoka na ubao, maandishi kayaelekeza kifuani. Bi Mwanaisha alikuwa kwenye baraza ya duka lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeshauza, mwanangu?"

"Nimeuza."

"Alhamdulillahi. Na huo ubao?"

Hemedi akaubana zaidi kifuani. Chaki ilikuwa imeshamganda kwenye shati, na mteja mwingine alikuwa amesimama katikati ya barabara, akiangalia duka hili na lile.