Kisima cha Ndugu wa Tembo

Mwaka wa ukame, Tembo alitangaza kuwa kisima chake ni cha ndugu zake tu. Kiboko akaja akitamba. "Tazama mwili wangu, kaka. Sisi damu moja." Akakaribishwa.

Pimbi, mdogo kama sungura, alipofika na wanawe wenye kiu, Tembo alicheka. "Huyu naye ndugu yangu? Tabibu, hebu tupime!"

Tabibu Kakakuona alichukua damu ya wote watatu, akalinganisha vinasaba vyao. "Ndugu wa Kiboko ni Nyangumi, yuko baharini," alisema. "Ndugu yako wewe ni Pimbi."

Tembo akamfukuza Kiboko, kisha akainama kwa aibu. "Karibu, dada."

Pimbi akawanywesha wanawe. "Mrudishe Kiboko," alisema. "Hata sisi kiu yetu ilikuwa hii hii ulipokuwa hujui kuwa tu ndugu."

Tembo akaenda mwenyewe kumwita.