Kilio cha Zuwena

Kila nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga hupewa mwanasesere mwenye sura ya marehemu, wazazi wajifunze kurudisha pumzi. Ukimbonyeza kifua na kumpulizia sawasawa, hulia. Mzazi mmoja akifaulu mbele ya mkaguzi, mwanasesere huchukuliwa, asirudi tena.

Siwema hakuwahi kufaulu. Mbele ya mkaguzi alimkandamiza Zuwena, mwanasesere wa bintiye, kwa kiganja kizima, kama anayemwokoa mtu mzima.

"Dada yangu, huyu ni mchanga. Vidole viwili, na mdomo wako ufunike mdomo na pua yake."

"Nimesahau tena," alisema Siwema.

Mkaguzi akamgeukia Kombo, mume wa Siwema. "Shemeji, wewe ni mwokoaji wa bandarini. Tumalize leo."

Asubuhi ile Kombo alikuwa amemwambia Siwema kwamba kilio kile ni chumvi kwenye kidonda, heri kiondoke. Sasa alipiga magoti, akakishika kichwa kile kidogo, akakipinda nyuma kabisa, kama cha baharia aliyezama. Akapuliza. Koo la mwanasesere likajifunga, hewa isipite.

"Umeshindwa," mkaguzi alisema polepole, akimtazama usoni. "Mwezi ujao, basi."

Mlango ulipofungwa, Siwema alikilaza kichwa sawa, akaweka vidole viwili kifuani, akabonyeza, kisha akapuliza pumzi ya shavuni tu. Zuwena akalia, kilio kilekile cha mtoto wa miezi mitatu, ingawa angekuwa hai sasa angekuwa anakimbia uani.

"Sogea, mama Zuwena," Kombo alisema. "Akinyamaza, ni zamu yangu."