Aibu ya Mzee Mashimba

Mzee Mashimba alipita katikati ya dagaa walioanikwa akipepesuka kama mtumbwi uliokatika kamba, na hakukanyaga hata mmoja.

Ilikuwa saa kumi, jua bado kali, na wanawake wote wa mwalo wa Igombe, kando ya ziwa, walikuwa wameinamia nyavu zao wakigeuza dagaa. Kofia ya mzee ilimwangukia sikioni. Shati lilinuka gongo kabla hajafika.

"Mzee wa kanisa leo kajazwa," alisema Dorcas, jirani wa mzee, bila kuinua kichwa. "Ila sidhani kama ni Roho Mtakatifu."

Wakacheka. Rebeka akainuka, akamshika baba yake mkono, akamwingiza ndani, akamlaza na kumvua viatu. Kilichomshangaza ni kwamba shati lilinuka kuliko mdomo. Lakini hakuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Machozi yalikuwa karibu. Aliketi kwenye kigoda, akafungua chupa yake ya bluu, ile asiyoiacha popote, akapiga mafunda mawili ndipo moyo ukatulia.

Miaka sitini na saba baba yake hakuwahi kusogelea pombe. Na sasa hii ilikuwa mara ya nne kwa mwezi mmoja, kila mara mchana kweupe, kila mara mbele za watu.

Jumapili iliyofuata wakamsimamisha uzee wa kanisa. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mikono magotini, akaimba kama kawaida. Rebeka alishindwa kumtazama. Huyu ndiye aliyempokea yeye mwezi wa kwanza, pale kiwanda cha Nyakato alikofanya kazi kilipomwambia akapumzike kwanza nyumbani. Alimpokea begi, akamwandalia kitanda, hakumuuliza hata swali moja. Asipoacha, Rebeka aliwaza, ziwa litamchukua siku moja hivihivi, watu wakimcheka.

Akaanza kutafuta msaada. Nesi wa zahanati alimwambia, "Hapa tuna dawa ya malaria, dada. Ya pombe ingekuwepo, ningeanza na mume wangu." Mchungaji alisema waombe. Mwishowe, akiwa anafua lile shati, alikuta mfukoni kikaratasi chenye namba ya simu, na chini yake mwandiko wa baba yake, ule ulioinama: Kikundi cha kuacha pombe. Kiseke. Jumamosi saa tisa.

Kumbe anataka kuacha. Rebeka alilia kwa furaha juu ya beseni.

Akapiga ile namba. Vidole vilikuwa vikimtetemeka, kama asubuhi zote siku hizi, kwa mawazo ya baba.

"Ni kwa ajili ya baba yangu," alisema.

"Wengi husema hivyo," alijibu mtu wa upande wa pili, aliyejitambulisha kwa jina la Josephat. "Baba, shemeji, jirani. Mlete tu huyo baba. Sheria yetu ni moja: anayemleta mtu haketi nje. Mnaingia wote."

Kikundi kilikutana kwenye darasa la chekechea. Watu wazima kumi na mmoja walikaa duara kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu, chini ya picha ya kuku na picha ya kikombe. Fundi pikipiki alisimulia jinsi alivyowanywa ng'ombe wa mahari ya mdogo wake. Mama mmoja, mwalimu, alisema alikuwa akificha chupa kwenye ndoo ya unga, akiamini hakuna ajuaye.

"Nyumba nzima ilijua," alisema. "Walikuwa wananionea haya tu."

Rebeka aliinamisha kichwa. Halafu akamtupia baba yake jicho, aone kama maneno yanamwingia. Mzee alikuwa akimtazama yeye.

Waliporudi, karibu kabisa na nyumbani, mzee alisema, "Yule mwalimu. Umemsikia?"

"Nimemsikia, baba. Na wewe umemsikia?"

"Mimi nimemsikia."

Jumamosi ya pili walikwenda tena, wakasikiliza tena. Ya tatu, Josephat alimgeukia mzee.

"Baba yangu, wageni huwa tunawapa majuma mawili ya kusikiliza. Leo, kama moyo unaruhusu, sema. Hapa hakuna wa kukucheka."

Mzee alimgeukia binti yake. Rebeka alimshika kiwiko, akamnong'oneza, "Sema tu, baba. Aibu haiui."

"Kweli, mwanangu?"

"Kweli, baba."

Mzee Mashimba akavua kofia. Akasimama wima, bila kuyumba.

"Naitwa Mashimba," alisema. "Pombe nimejimwagia shatini mara nne. Kinywani haijawahi kuingia."

Kisha akainama, akaichukua ile chupa ya bluu mapajani mwa Rebeka, akafungua kifuniko, akaiweka sakafuni katikati ya duara, na harufu ya pombe ikalijaza darasa.

"Huyu ni binti yangu," alisema. "Nimemleta."