Marahaba ya Siku ya Nne

Siku ya kwanza katika ile hoteli ya kifahari, Nasra, mtoto wa miaka saba, alimwamkia shikamoo kila mhudumu, hata mlinzi wa geti. Siku ya nne alikuwa kajinyoosha kwenye kiti cha ufukweni, soseji alizozing'ata na kuzitupa zimejaa nzi miguuni pake. Akainua mkono, akaliza vidole. Ta! Ta!

"Juisi!"

Mhudumu, mama mtu mzima mwenye mvi zilizochungulia chini ya kofia, alisimama na sinia lake.

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu taratibu, kana kwamba ameamkiwa, akaenda zake kuileta.

Saumu, mama yake Nasra, alikaa wima kwenye kiti cha pili. Mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe kageuka mdudu gani huyu?

"Nani kakufunza ufedhuli huu? Utamwomba radhi bibi yule sasa hivi!"

Nasra akamkodolea macho. Mdogo wake, keki imemjaa mdomoni, akacheka.

Mhudumu alikuwa keshafika mbali. Saumu akainuka amwite arudi. Mkono wake ulikuwa tayari hewani, kidole gumba kimebana cha kati, na watoto wote wawili wakiutazama.