Korongo na Mpango wa Miaka Mitano

Zamani, wanyama walipoanza kulipia watoto wao karo, Korongo alifungua shule yake binafsi. Kwa shingo ile aliona mbali sana, akaandika mpango mkakati wa miaka mitano, kitabu kinene chenye jalada la ngozi. Lengo la kwanza lilikuwa kuezeka paa la darasa la kwanza.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Kuchakulo, asiyejua kukaa bure. Masika ya kwanza paa lilipovuja, alisema, "Mwalimu Mkuu, nipe makuti tu, nitapanda mwenyewe."

"Subiri kamati ikae," akajibu Korongo.

Kamati ikakaa, ikanywa chai. Masika ya pili ikakaa tena. Masika ya tatu wazazi wakaanza kuhamisha watoto, na Kuchakulo akawa anahesabu madawati matupu.

Siku ya wazazi mvua ikashuka kwa kishindo. Watoto wakalowa chapachapa, huku Korongo ameukumbatia mpango chini ya bawa usiingie maji. Kuchakulo uvumilivu ukamwisha. Akauchomoa, akapanda nao juu, akaufungua na kuulaza kifudifudi juu ya tundu. Maji yakakoma.

Wazazi wakashangilia. Korongo naye akanyoosha shingo. "Mmejionea wenyewe! Lengo la kwanza limetimia. Kesho tunaandika mpango mwingine."

"Uwe mnene, Mwalimu Mkuu," akasema Kuchakulo, akikung'uta maji mkiani. "Darasa la pili nalo linavuja."