Baa Saba za Groningen

Abdulhafidh aliingia baa saba kwa usiku nne, na kote huko hakunywa ila maji. Jambo hilo alikuwa hajamwambia mtu, na Jumamosi ile ya mwaka 2002, akiwa amekaa sebuleni kwake Katy, pembeni mwa Houston, akingojea wageni, aliomba Mungu asije akaulizwa.

Wageni walikuwa wanatoka Garland, karibu na Dallas, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari, kuja kupokea jibu la posa. Kijana wao, Shamsudin, mfanyakazi wa maabara katika hospitali moja ya Dallas, alikuwa amemposa Intisar. Intisar alikuwa na miaka ishirini na saba na posa mbili zilizokwisha vunjika. Ya pili aliivunja baba yake mwenyewe, kwa kwenda mpaka kazini kwa kijana wa watu kuulizia kama analewa. Kijana alisikia, akaona kadhalilishwa, akajitoa.

"Huyu usimchunguze, baba," Intisar alimwambia safari hii. "Ukim-check tena, I'm done. Sitaolewa, na hapa nyumbani nitahama."

Abdulhafidh akaapa. Akampigia simu hata Mzee Aboud, ami yake Shamsudin, akamwambia kwa sauti ya mtu mzima na heshima zake: "Sisi hatuulizi-ulizi. Mtoto wenu tunamwamini."

Aliapa kwa moyo mmoja. Shida ni kwamba wiki ya pili yake kampuni ya gesi anayofanyia kazi ilimpeleka Uholanzi, tena si Amsterdam wanakoishia watu wote, bali Groningen, mji wa kaskazini wenye gesi, baiskeli na wanafunzi. Na Shamsudin alisoma Groningen miaka mitatu. Mtu mwenye tabia ile huwezi kumkalisha mlangoni pa jiko ukamwambia asinuse.

Kwanza alikwenda msikitini. Imamu alimsifu kijana kwa sala na adabu, na hapo ingetosha. Lakini Abdulhafidh alijiambia kwamba imamu anamjua Shamsudin wa mchana. Wa usiku wanamjua wengine.

Basi alivua kofia, akaitia mfukoni pamoja na picha ya kijana aliyoichomoa kwa siri kwenye albamu ya binti yake, akatoka hotelini. Baa nyingi za mji ule hazifungwi mpaka watu wachoke wenyewe. Ya kwanza ilikuwa chini ya ardhi, akagonga kichwa darini. Ya pili ilikuwa disko, taa zikamchoma macho. Kote alitoa picha kwa mabaunsa na wauzaji, akawapigia kelele sikioni kuuliza kama wanamjua huyu.

"Mwanao kapotea?" msichana mmoja wa kaunta alimwuliza kwa huruma.

Alijibu ndiyo, masikio yakamwaka kwa haya. Usiku wa tatu wanafunzi walimvuta katikati yao wakamzungusha, na kabla hajajua alijikuta anapiga makofi. Mtu wa miaka hamsini na nne, anayefundisha watoto Qurani kila Jumapili kule mtaa wa Alief, Houston.

Hakuna hata mmoja aliyemjua Shamsudin. Kijana alikuwa safi kama alivyosema imamu, na aliyechafuka ni baba mkwe. Abdulhafidh alirudi Houston na aibu ambayo haikutoka kwa udhu wala kwa kufunga Alhamisi tatu. Intisar alipomtilia chai alishindwa kumtazama usoni. Kiapo alikivunja, picha aliiiba, na yote hayo kwa kumdhania mabaya mtoto asiye na kosa.

Kengele ya mlango ililia. Mzee Aboud aliingia na wazee wenzake wawili, kanzu zimepigwa pasi, wakasalimia kwa kirefu. Hamdiya, mke wa Abdulhafidh, alileta sambusa na visheti alivyovihangaikia tangu alfajiri, kisha akarudi jikoni kwa bintiye. Mlango wa jiko ulibaki wazi kidogo, na Abdulhafidh aliiona kanga ya Intisar pale penye upenyo.

"Karibuni sambusa," alisema.

"Tunashukuru," alijibu Mzee Aboud, na hakugusa.

Abdulhafidh aliona bora amalize upesi, kabla ulimi haujamsaliti. Alikohoa. "Jibu letu ni ndiyo. Tumeridhika na kijana, wala hatukuuliza mtu."

Kule jikoni Hamdiya alianza kigelegele, akakikatiza njiani, maana sebuleni hakuna aliyesema alhamdulillahi.

Mzee Aboud alikuwa anatazama zulia. "Bwana Abdulhafidh, unisamehe, nakuvunjia heshima nyumbani kwako," alisema taratibu. "Tulisikia umekwenda Groningen. Tuna mpwa wetu kule, tukamwambia amtafute mkwe, amkaribishe japo wali. Akaja hotelini baada ya isha, akakuona unatoka, akakufuata akupe salamu. Ulipoingia ulikoingia, akaona haya kukuita. Akarudi usiku wa pili, na wa tatu, na wa nne, akitumai kwamba kaona vibaya."

Alikisogeza mbali kidogo kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Binti hatuna neno naye, sheikh. Lakini kwa mlevi hatuoi."