Zoezi la Wakati Uliopita

Mwalimu Nyamizi alikuwa amewapa darasa zoezi jepesi: waandike sentensi tano za mambo ya nyumbani kwao, kisha wazibadili ziwe za wakati uliopita. Alipofika kwenye dawati la Kulwa, kalamu nyekundu mkononi, ndipo alipojuta. Doto, pacha wake Kulwa, alikuwa amezikwa wiki tatu tu zilizopita.

Lakini mtoto alikuwa amezibadili vizuri. Mama anapika, mama alipika. Mbuzi analia, mbuzi alilia. Hata "Doto anacheka" aliirudisha nyuma bila kukosea herufi. Ya tano tu ndiyo iliyokosa mwenzake: "Sisi ni mapacha."

"Mbona hii umeiacha, mwanangu?"

"Sijui kama inabadilika, Mwalimu."

Miaka ishirini Nyamizi alikuwa akifundisha nyakati. Jibu alilijua. Akatamani kukaa kando ya mtoto. Kulwa alikuwa amejibana ukingoni mwa benchi, kama siku zote, na ubavuni mwake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Mwalimu hakuikalia. Aliifunika kalamu nyekundu, akachuchumaa sakafuni.